Kirusi Kinachorudi: Historia Fupi ya Virusi Sugu vya Kompyuta

Kwa kawaida hapa tunaandika historia ya mipaka, ya wafalme, ya vita vilivyotuhamisha. Safari hii tunaandika historia ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho lakini kinatusumbua karibu kila mwezi: kirusi cha kompyuta. Na si kirusi chochote, ila kile sugu, kile ambacho unakifuta leo na kesho asubuhi kipo tena.

Kwa nini historia? Maana swali linaloulizwa sana kwenye kikundi chetu ni hili: "Kompyuta imepigwa Windows mpya, imeskaniwa, kila kitu kimefutwa. Mbona kirusi kimerudi?" Likishaulizwa hilo, swali la pili halichelewi: "Nani amekileta?" Hapo ndo maneno yanaanza. Mara ni wale wa zoni ya kule juu. Mara ni Warundi, mara ni Wakongo, mara ni wageni waliofika juzi na flashi zao. Kompyuta yetu ya pamoja ni moja tu. Ndani yake mna barua za maombi ya masomo, CV, picha za vyeti ambavyo karatasi zake zilibaki kwenye nyumba zilizoungua, na sauti za wazee wetu tulizorekodi wakisimulia walikotoka. Kwa hiyo kirusi kikiingia hatupotezi faili tu, tunaweza kupoteza na ujirani.

Sisi tunasema hivi, na makala yote haya ni ya kuonyesha kwa nini: kirusi hakirudi kwa sababu kuna mtu mbaya kati yetu. Kinarudi kwa sababu mahali kinapoamkia hapajaguswa, au mlango kilioingilia haujafungwa. Jambo hilo limejirudia kwa zaidi ya miaka 40, kutoka diski laini mpaka flashi. Twende taratibu.

KABLA HAKIJAPATA JINA

Mwaka 1982, mvulana wa miaka 15 huko Pennsylvania, Marekani, jina lake Rich Skrenta, aliandika programu ya utani kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Iliitwa Elk Cloner. Siku hizo kompyuta nyingi za nyumbani hazikuwa na diski ngumu ndani yake. Ulikuwa unachomeka diski laini, ile bapa, ndipo kompyuta inawaka. Vijana walikuwa wakiazimana diski za gemu. Elk Cloner ilikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri diski nyingine ichomekwe, kisha ikajinakili humo. Kila diski ilipofikisha mara ya 50 ya kuwashiwa, lilitokea shairi fupi la kujisifu kwenye skrini.

Haikuwa na nia ya kuharibu kitu. Lakini angalieni namna ilivyosafiri: haikuhitaji adui, ilihitaji marafiki wanaoazimana.

Mwaka uliofuata, 1983, Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alifanya majaribio ya programu inayojinakili ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe kirusi. Cohen aliandika matokeo yake mwaka 1984, na kati ya mambo aliyoonyesha kwa hesabu ni hili: haiwezekani kuandika programu moja itakayotambua kila kirusi bila kukosea kamwe. Kwa hiyo ukiambiwa sokoni kwamba hii antivirasi inamaliza virusi vyote duniani, ujue jibu lilishatolewa zamani.

LAHORE, 1986

Kirusi cha kwanza kuenea dunia nzima kwenye kompyuta za aina ya IBM PC, yaani babu wa hizi tunazotumia leo, kilitoka Lahore, Pakistan, Januari 1986. Kiliitwa Brain. Waliokiandika ni ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa na duka la kompyuta. Walieleza kwamba walikuwa wameandika programu ya mambo ya moyo, watu wakawa wanainakili bila kulipa, ndipo wakaweka kirusi ili wajue nakala zinafika wapi. Hawakujificha. Ndani ya kirusi waliandika majina yao, anwani ya duka na namba ya simu. Mwaka 2011 mtaalamu wa usalama kutoka Finland, Mikko Hyppönen, alisafiri mpaka Lahore, akafuata anwani ile ile, na akawakuta.

Kitu cha kujifunza ni namna Brain ilivyojificha. Kwenye kila diski kuna kipande cha kwanza kabisa ambacho kompyuta inakisoma inapowaka, kabla ya kitu kingine chochote. Tukiite sekta ya kuwashia. Brain ilihamisha sekta halisi ikaiweka pengine kwenye diski, mahali hapo ikapatia alama ya "pabovu" ili pasiguswe, halafu yenyewe ikakaa kwenye nafasi ya kwanza. Na programu yoyote ikiomba kuisoma sekta ya kuwashia, Brain ilidaka ombi hilo na kuionyesha ile halisi. Kila kitu kikaonekana safi.

Ni kama mwizi amekaa mapokezi. Unakuja kuuliza, "Humu ndani kuna mwizi?" Yeye mwenyewe ndiye anakujibu, "Hapana, ndugu, karibu."

Somo la kwanza la historia hii ni hilo: kompyuta yenye kirusi sugu usiiulize yenyewe kama ni safi. Mafundi wa wakati ule walijifunza kuzima kompyuta kabisa, kuchomeka diski safi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine safi, na kuiwashia hapo. Kirusi kikawa hakijaamka, na kisichoamka hakiwezi kudanganya. Njia hiyo bado inafanya kazi leo, tutaifikia.

KUFOMATI HAKUKUTOSHA

Miaka ya 1990 kompyuta zikawa na diski ngumu ndani, na virusi vikahamia huko. Kimoja kiliitwa Michelangelo. Kilikuwa kinalala mwaka mzima, kikiamka tarehe 6 Machi kufuta data. Mwaka 1992 magazeti yalitangaza kwamba kompyuta mpaka milioni 5 zingeharibika siku hiyo. Zilizoharibika zilikuwa maelfu, si mamilioni, lakini hofu hiyo iliwafanya watu wengi wanunue antivirasi kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo watu walipogundua jambo ambalo mpaka leo linasumbua. Mtu alifomati diski C, akaweka mfumo upya, akawasha, kirusi kile kile. Kumbe kufomati C kunafuta chumba, lakini kirusi kilikuwa kimekaa barazani. Sehemu ya mwanzo kabisa ya diski ngumu iko nje ya C, na amri ya kufomati C haiifikii. Dawa ilikuwa kuwasha kwa diski safi na kuandika upya sehemu hiyo ya mwanzo. Kwenye DOS walitumia amri fdisk /mbr. Ni sekunde chache tu, wakati kufomati kulichukua saa na hakukusaidia.

Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kingine, CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan aitwaye Chen Ing-hau, kilifanya kibaya zaidi. Kilifuta mwanzo wa diski, na kwenye baadhi ya kompyuta kikafuta hata programu iliyo ndani ya chipu ya ubao mkuu, ile inayoiambia kompyuta ianzeje. Kompyuta hizo hazikuwaka tena mpaka chipu ibadilishwe au iandikwe upya. Watu wakajua kwamba chini ya Windows kuna tabaka, na chini ya hilo kuna lingine.

DAFTARI LA WINDOWS

Tarehe 4 Mei 2000 ulitokea ujumbe wa barua pepe wenye kichwa cha kutamka mapenzi: ILOVEYOU. Ulitoka Manila, Ufilipino, na ndani ya muda mfupi ulikuwa umefika mamilioni ya kompyuta. Kilichoambatishwa kilionekana kama barua ya maandishi, kumbe ni skripti ya aina ya VBS, yaani maandishi ambayo Windows inayatekeleza kama amri. Kikiamka, kilijituma kwa kila mtu aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani. Picha zako zilifutika kwa kuandikwa juu yake. Nyimbo za MP3 zilifichwa.

Aliyekiandika, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi. Hakuadhibiwa kwa kuwa Ufilipino haikuwa bado na sheria ya kosa hilo. Sheria ilipitishwa mwezi uliofuata. Miaka 20 baadaye alimweleza mwandishi wa habari kwamba alikuwa akitafuta pasiwedi za watu ili atumie intaneti bure, maana hakuwa na hela ya kulipia. Hatumtetei. Ila sisi tunaohesabu bando kwa megabaiti tunaelewa sentensi hiyo.

Kwa habari ya kurudi, ILOVEYOU inatufundisha kitu kingine. Windows ina daftari lake kubwa linaloitwa Rejista. Ndani yake kuna orodha ya programu za kuamshwa kila kompyuta inapowaka. Kirusi kikijiandika humo, unaweza kufuta faili moja, lakini nakala ya pili iliyojificha kwenye folda ya mfumo itaitwa tena kesho asubuhi. Kwa hiyo kusafisha kukawa kazi ya mambo mawili: kufuta faili, na kufuta jina lake kwenye orodha ya kuamshwa.

Kazi hiyo ilimzidi mtu wa kawaida nyumbani. Hapo ndipo watu wa kujitolea walipoingia. Mwanafunzi wa Uholanzi, Merijn Bellekom, aliandika programu ndogo ya bure iitwayo HijackThis. Ilikuwa haifuti chochote yenyewe. Ilitoa orodha tu ya vitu vinavyoamka pamoja na kompyuta. Mtu alinakili orodha hiyo, akamtumia mwenye ujuzi asiyemfahamu, pengine yuko bara jingine, naye aliisoma mstari kwa mstari na kumjibu: huu futa, huu acha. Bila malipo. Miaka kadhaa kompyuta nyingi za nyumbani ziliokolewa namna hiyo. Huwa tunasoma majina ya walioandika virusi. Waliokaa usiku kusafisha kompyuta za wageni majina yao hayajulikani.

MWIZI AKAJIFICHA CHINI YA SAKAFU

Tarehe 31 Oktoba 2005, mtaalamu wa Windows aitwaye Mark Russinovich alitangaza kwamba amekuta kwenye kompyuta yake kitu kilichojificha chini kabisa ya mfumo. Alipofuatilia aligundua kimetoka kwenye CD ya muziki aliyoinunua kihalali, ya kampuni ya Sony BMG. Kampuni iliweka programu hiyo kuzuia watu kunakili nyimbo. Programu ilificha kila faili ambalo jina lake linaanza na $sys$, na waandishi wa virusi wakaanza kutumia maficho hayo hayo. Kampuni ililazimika kuzirudisha CD hizo.

Programu ya kujificha hivyo inaitwa rutikiti. Inafanya kazi ileile ya Brain ya 1986, ila kwa ustadi zaidi. Ukifungua folda, Windows inakwambia haina kitu, kwa kuwa Windows yenyewe imedanganywa. Februari 2010 kompyuta nyingi ziligoma kuwaka na kutoa skrini ya bluu baada ya kupokea apdeti ya Microsoft. Watu wakailaumu apdeti. Uchunguzi ukaonyesha kompyuta hizo zilikuwa na rutikiti iitwayo Alureon, ambayo apdeti iliigonga bila kujua. Yaani wenye kompyuta walikuwa wakiishi na mgeni ambaye hawakuwahi kumwona.

Kundi hilo hilo la virusi lilihusika na kisa kingine. Novemba 2011, FBI ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa watu 6 huko Estonia. Kirusi chao, DNSChanger, kilikuwa kimeingia kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Kilibadilisha mpangilio unaoiambia kompyuta ipitie wapi ili kuzipata tovuti, kikaelekeza njia kwenye mashine za wezi. Hata baada ya wezi kukamatwa, kompyuta ziliendelea kuuliza njia kule kule, mpaka ikabidi ziwekwe mashine safi za muda zijibu badala yake. Zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Ambaye hakuwa amerekebisha mpangilio wake, siku hiyo intaneti yake ilikatika. Kirusi kinaweza kuondoka na kuacha mambo kama kilivyoyapanga.

FLASHI NA KOMPYUTA ZISIZO NA APDETI

Sasa tunafika karibu na kwetu. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa apdeti ya dharura kuziba tundu kwenye Windows. Mwezi mmoja baadaye kikatokea Conficker, kikiingilia tundu lile lile kwa wote ambao hawakuiweka apdeti hiyo. Kiliingia kwenye mamilioni ya kompyuta, kuanzia za nyumbani hadi za jeshi la majini la Ufaransa.

Toleo lake la pili, mwishoni mwa 2008, lilijifunza kusafiri kwa flashi. Ukichomeka, Windows ilifungua kidirisha cha kuuliza unataka kufanya nini, na kirusi kilijiwekea humo ikoni ya folda yenye maneno ya kufungua folda kutazama faili. Mtu anabofya akidhani anafungua folda yake. Kumbe anakiamsha. Kikishaingia kilizima huduma ya apdeti na kuzuia tovuti za kampuni za antivirasi zisifunguke. Yaani kilifunga mlango wa hospitali kabla mgonjwa hajajua anaumwa.

Hapa ndipo "mbona kimerudi" ilipopata jibu lake la wazi. Ukisafisha kompyuta moja kati ya kumi zilizounganishwa, zile tisa zinairudishia. Ukisafisha zote kumi na kuacha flashi moja mfukoni, flashi inazirudishia zote. Ukisafisha zote na flashi zote lakini usizibe tundu, ni suala la muda.

Februari 2011 Microsoft ilisambaza apdeti iliyozuia flashi kujifungua yenyewe kwenye Windows XP na Vista, na maambukizi ya aina hiyo yakashuka. Lakini kompyuta nyingi za kwetu zilikuja zimetumika, na Windows isiyo na leseni, na apdeti zimezimwa kwa makusudi ili zisile bando au zisigundue leseni ya bandia. Dunia ilipofunga mlango ule, kwetu ulibaki wazi.

Mlango huo ulipozibwa, walioandika virusi wakabuni ule wa shotikati, ambao nyote mnaujua. Unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka shotikati zenye mshale mdogo. Mafaili hayajafutika. Yamefichwa tu, na kila shotikati ukiibofya inafungua folda yako na wakati huo huo inaiamsha skripti, mara nyingi ya VBS, ndugu wa ILOVEYOU. Skripti inajinakili kwenye folda ya vitu vya kuamka na kompyuta, inajiandika kwenye Rejista, halafu inakaa ikisubiri flashi inayofuata. Ukifuta shotikati kwenye flashi huku skripti iko macho kwenye kompyuta, zinarudi ndani ya sekunde chache, mbele ya macho yako.

Je, kuna virusi vinavyobaki hata diski ikibadilishwa? Vipo. Septemba 2018 kampuni ya ESET ilieleza kuhusu LoJax, kinachokaa kwenye chipu ya ubao mkuu. Lakini hicho kilitumwa kwa taasisi maalum za kiserikali. Cha kwetu karibu mara zote ni skripti, flashi na mlango ulioachwa wazi. Tusitafute jini pale ambapo kuna panya.

NAMNA YA KUKING'OA

Kutokana na historia hiyo, hii ndiyo njia tunayoifuata. Fuateni mpangilio wake, maana mpangilio ndio dawa.

Kwanza, toa intaneti na usichomeke flashi yoyote. Usibofye shotikati hata moja.

Pili, kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, tengeneza flashi ya kuwashia. Sisi tunatumia Linux, ni ya bure. Washa kompyuta yenye kirusi kwa flashi hiyo. Windows imelala, kirusi kimelala, na Linux inaonyesha mafaili yaliyofichwa bila kuziamsha skripti za Windows. Nakili nyaraka, picha na sauti pekee. Usinakili programu wala kitu chochote kinachoishia na exe, vbs, js au lnk. Kama huwezi Linux, Windows 10 na 11 zina skani ya Microsoft Defender ya nje ya mfumo. Ipatie apdeti kwanza. Inazima kompyuta, inaskani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi.

Tatu, tafuta kinapoamkia. Programu ya bure ya Autoruns, ambayo Mark Russinovich yule yule ni mmoja wa walioiandika, inaorodhesha kila kinachoamka na kompyuta: Rejista, folda ya kuanzia, na ratiba za kazi. Ukikuta wscript.exe inaita faili lenye jina la ajabu kwenye folda ya muda, hapo ndipo penyewe. Iondoe kwenye orodha na ufute faili lake. Zima, washa, kagua tena.

Nne, rudisha mafaili yaliyofichwa. Kama flashi ni herufi E, amri ni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha futa shotikati na skripti.

Tano, kagua mipangilio: DNS, kivinjari, apdeti kama zimezimwa. Na pasiwedi zibadilishe ukiwa kwenye simu au kompyuta iliyo safi, kamwe si kwenye ile ile.

Sita, kama lazima upige Windows upya, futa sehemu zote za diski, si C peke yake, na utumie flashi ya Windows uliyoitengeneza kwenye kompyuta safi kutoka kwa Microsoft wenyewe. Hili lilitugusa. Fundi mmoja alitupigia Windows mara tatu na mara tatu kirusi kikarudi. Tulipoikagua flashi yake kwa Linux, kirusi kilikuwa ndani ya ile programu ya kuvunja leseni ambayo anaiweka kila mara mwishoni. Yaani dawa na ugonjwa vilikuwa kwenye chupa moja.

SIKU YA FLASHI

Wakati tunatafuta, kwenye kikao kulikuwa na pendekezo kwamba flashi za wageni zikatazwe kabisa. Walilitetea watu wenye uchungu wa kweli: dada mmoja alikuwa amebakiwa na siku mbili za kutuma maombi ya chuo wakati barua zake zilipogeuka shotikati. Lakini wageni nao walisimama wakasema, "Sisi kompyuta nyingine tutaitoa wapi?" Ilikuwa kimya kidogo.

Kilichoamua ni historia hii. Tuliwauliza wote: Conficker kiliingia hadi kwenye jeshi la majini la Ufaransa, je, nao ni wachafu? Kirusi hakijui nani Mfizi, nani Mbukavu, nani Murundi. Kinajua tu flashi na mlango. Tena flashi tulizozikagua zilipatikana na kirusi kile kile kila upande, za wenyeji na za wageni, kwa kuwa wote tunachapisha kwenye maduka yale yale ya sokoni.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu badala ya marufuku. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ni siku ya flashi. Kila mtu analeta zake zote, hata zile za mdogo wake, na zinakaguliwa kwenye laptopu iliyowashwa kwa Linux kabla ya kuigusa kompyuta ya pamoja. Haiulizwi ni ya nani. Anayekutwa na kirusi hasemwi. Anasafishiwa na kufundishwa amri ya attrib aende nayo nyumbani. Nyaraka muhimu zina nakala mbili, na ya pili inakaa kwenye diski ya nje ambayo haichomekwi siku za kazi. Apdeti zinashushwa usiku, bando linachangwa.

Yule dada maombi yake yalifika. Barua hazikuwa zimefutika, zilikuwa zimefichwa tu.

Kama kambini kwenu mna kompyuta ya pamoja, jaribuni siku moja ya flashi mtuandikie imekwendaje. Na kama kuna kirusi ambacho hapa hatujakitaja, tuelezeeni kinavyofanya, tukitafute pamoja. Mshirikishe na jirani yako makala haya, hasa yule uliyekuwa unamshuku.